Shimo Halina Miguu

Mara ya kwanza nilipofanya biashara na Bi Mashavu binti Usi alinikamata nikimwibia. Sikuona haya, kwa sababu kila mnunuzi wa kamba wa wakati ule aliiba kwa njia ile ile. Ilikuwa mwaka 1952. Nilikuwa na duka la kamba Malindi, mtaa wa bandarini mjini Unguja, duka nililolipata baada ya kubeba magunia ya karafuu mgongoni miaka kumi na moja, na nilikwenda kijijini Bwejuu mwenyewe kununua kwa wasokotaji ili nisimtajirishe mtu wa kati.

Kamba huuzwa kwa pima: mtu hunyoosha mikono yote miwili, na urefu wa ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole ndio pima moja. Basi nilikwenda na hamali wangu Matar, mtu ambaye akinyoosha mikono yake unaweza kuanika nguo za nyumba nzima. Kununua alipima Matar. Kuuza, dukani, nilipima mimi, na mimi ni mfupi.

Bi Mashavu alikuwa amekaa barazani kwake, mguu mmoja ameunyoosha, anasokota usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, juu ya paja. Umri wake yapata arubaini na tano. Alimtazama Matar akinyoosha mikono mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akacheka.

"Bwana Msabah, huyu umemwokota wapi? Maana naona huyu ndiye mtaji wako."

"Hamali wangu, Bi Mashavu. Mimi mgongo unaniuma."

"Mgongo unakuuma, na mikono je? Mjini anapima nani? Huyu au wewe?"

Kabla sijapata uwongo wa kusema, Matar, ambaye Mungu alimpa mikono akamnyima mengine, akajibu: "Mjini anapima yeye mwenyewe, bibi."

Wanawake waliokuwa pale barazani walicheka mpaka wakashikana. Nami nilicheka, kwa sababu mtu aliyekamatwa akicheka hupata bei nzuri kuliko aliyenuna. Tulibishana mpaka adhuhuri, kisha tukakata ufito: mrefu kuliko mikono yangu, mfupi kuliko ya Matar. Bi Mashavu akauchomeka kwenye paa la nyumba yake, na tangu siku ile ukawa ndio pima yetu.

Kabla ya kufunga mzigo nilichukua ncha ya kamba nikaitia ulimini, kama afanyavyo kila mnunuzi. Makumbi ya nazi ya kamba ya baharini huzikwa ufukoni, kwenye mashimo ambayo maji yakijaa huyafunika na yakipwa huyaacha. Hukaa humo miezi sita au zaidi mpaka yaoze, ubaki uzi mtupu. Chumvi huingia ndani kabisa, na kamba hiyo haiogopi bahari. Ukiiramba inakuambia yenyewe ilikolala. Isiyo na chumvi ni ya kufungia mbuzi.

"Onja," alisema Bi Mashavu. "Lakini usishibe."

Baada ya hapo nilikwenda kwake kila miezi miwili, na kwa kuwa mnunuzi mwenye akili hujua mambo ya anayemuuzia, nilijua yake. Mumewe alikufa mapema akamwachia binti mmoja, Sichana, na nyumba inayovuja. Mali yake hasa ilikuwa ufukoni: shimo kubwa aliloachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na wake, mahali penye tope laini lisilochukuliwa na mkondo. Shimo kama lile hukuti zaidi ya saba au manane ufuko mzima. Lakini sheria yao ni ngumu. Shimo lenye makumbi lina mwenyewe. Shimo tupu ni la bahari, na atakayetangulia kutia makumbi ndiye mwenyewe. Huwezi kuweka jiwe ukasema hili langu, wala huwezi kwenda na hati.

Alipomzaa Sichana, shimo lilikuwa limeshafukuliwa, liko tupu, na mumewe alikuwa safarini. Siku ya saba akasikia jirani anakusanya makumbi. Hata arubaini hajatoka, akajitwika tenga akaenda ufukoni na damu yake ya uzazi, akatia makumbi mawili matatu, akakaa juu yake mpaka maji yakamfika kifuani. Wanawake walimsema mwaka mzima. Shimo likabaki lake.

"Mimi sina shamba," aliniambia siku moja. "Sichana ntamwachia nini, paja langu?"

Paja lenyewe lilikuwa limeshachakaa, ngozi ngumu kama ya kiatu, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda na kukataa kazi. Nililiona hilo na nikaliweka akilini. Kamba zake zilikuwa bora Unguja nzima, na fundo analomalizia ncha, la kurudi ndani mara mbili, nililijua kama ninavyoijua saini yangu.

Mwaka 1955 Serikali ilikumbuka kwamba kuna watu wanaotengeneza vitu kwa mikono. Ukaanzishwa mpango wa kuwashauri na kuwafundisha mafundi wadogo, na kwa upande wa kamba akaletwa kijana mmoja wa mjini, Gharib, aliyepelekwa Malabar, kule Bara Hindi, miezi minane kujifunza. Alikuwa mtu mwema, nguo zake safi, na aliamini kila neno alilofundishwa. Alikuja Bwejuu na gurudumu la kusokotea, kitu cha mbao chenye mkono wa kuzungusha, na mafundi wakajenga birika la saruji nyuma ya skuli. Makumbi yataozeshwa humo kwa maji matamu, alisema, wiki nane tu badala ya miezi sita, na hakutakuwa na uvundo wa tope.

"Mama zangu," aliwaambia, "kazi ya kungoja miezi sita si kazi. Hiyo ni mimba."

"Mimba ni miezi tisa, mwanangu," akajibu Bi Tabia, jirani yake Bi Mashavu, mwanamke mnene mwenye maneno. "Au Malabar wanazaa mapema?"

Kijana aliona haya mpaka masikio. Lakini alipozungusha gurudumu, kicheko kilikoma. Kamba ilitoka laini, sawasawa, pima tano kwa muda ambao mtu husokota moja. Bi Mashavu alisogea akaligusa. Nilimwona anavitazama vidole vyake.

Sharti lilikuwa moja, na lilitoka ofisini. Mwanamke atakayeingia kwenye mpango atie dole gumba kwamba kwa mwaka mzima hatazika makumbi ufukoni, yote yataingia birikani, ili wakubwa waone faida bila kuchanganya. Mwaka ukimalizika, gurudumu ni lake.

Wote walingoja Bi Mashavu aingie au akatae. Alikuja mjini, dukani kwangu, mara ya kwanza na ya mwisho kunifuata kwa ushauri.

"Wewe mtu wa faida," alisema akiwa bado amesimama. "Kamba ya birika utainunua?"

"Ntanunua yote."

"Na shimo langu? Mwaka mzima liwe tupu?"

Sasa niseme nilichokuwa nimekijua na yeye hakukijua. Ofisini nilishaambiwa kwamba kamba yote ya mpango itanunuliwa na Serikali kwa kazi za bandarini, kupitia mfanyabiashara mmoja mwenye kibali, na kibali hicho kitakuwa changu ikiwa wasokotaji wanne hodari wataingia. Bila yeye hapakuwa na wanne.

"Bi Mashavu," nikamwambia, "shimo halina miguu. Litakimbilia wapi? Serikali yenyewe imekuzuia, kila mtu ameona. Nani atathubutu?"

"Ni kweli," alisema, "sitakuwa nimeliacha kwa uvivu." Kisha akanyoosha vidole vyake, vikafika nusu, vikakwama. "Haya. Shimo halina miguu."

Akatia dole. Na wengine watatu wakamfuata. Bi Tabia alisema yeye kidole gumba chake ni cha kulia ubwabwa, akabaki na tope lake.

Taabu ilianzia kwenye maji. Bwejuu ni mawe matupu, visima ni vichache na maji yake ni ya kugombania. Kulijaza birika kulitaka madebe zaidi ya mia, na kila wiki yabadilishwe. Wanawake wanne wakawa wanakwenda kisimani tangu alfajiri, na wenzao wakifika wanakuta tope. Wakatukanana, wakamwagiana madebe, Sichana akapasuliwa mdomo. Gharib aliandika ofisini kuomba mpira wa maji. Jibu halikuja.

Kamba hata hivyo ilitoka. Ilikuwa nzuri, nyeupe ya kupendeza, sawasawa kama nywele za bibi arusi. Miezi mitano Serikali ilinunua, nami nilipata changu. Kisha yule bwana mkubwa wa kizungu aliyeanzisha mpango akahamishwa, na aliyekuja akaona katani ya bara ni rahisi zaidi. Kibali changu kikawa karatasi. Nikabaki na stoo imejaa kamba ya birika.

Niliitoa nikaitundika mlangoni. Wavuvi wa Malindi walikuja, wakaishika, wakaisifu, kisha wakaitia ulimini.

"Msabah, hii umeikogesha na sabuni?" mmoja akauliza.

"Kamba ya Serikali hiyo. Ya kisasa."

"Basi iuzie Serikali. Hii ya kisima. Mimi sina mbuzi."

Nilikwenda Bwejuu nikamwambia Bi Mashavu: kabla ya kuileta, itose baharini siku tatu. Ikikauka itabaki na chumvi, atakayeramba ataridhika.

"Chumvi ya kupaka?" aliuliza.

"Chumvi ni chumvi."

"Wee, bwana. Anayeramba kamba haonji chumvi, ananionja mimi. Sitii."

Sikubishana. Nilirudi nikaweka mapipa matatu uani kwangu, Matar akateka maji ya bahari, tukatosa, tukaanika. Iliuzika yote. Aliyenunua nyingi kuliko wote alikuwa Machano, mtoto wa ami yake Bi Mashavu, aliyekuwa akivua Malindi msimu ule na ngalawa yake. Alitaka kamba ya nanga. Aliramba, akakunja uso kwa chumvi, akaridhika. "Ya wapi?" akaniuliza. Nikamwambia ya Bwejuu. Hilo lilikuwa kweli.

Miezi mitatu baadaye, mchana kweupe, ametia nanga karibu na mwamba anavua, upepo ukageuka, kamba ikakatika. Ngalawa ilipigwa mwambani ikapasuka, na mguu wake ukabanwa kati ya mti wa ngalawa na jiwe. Wenzake walimtoa akiwa hai. Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Mpango nao ulikuwa umekufa. Birika lilipata ufa, likakauka, mbuzi wakalala humo. Bi Mashavu alipewa gurudumu lake kama alivyoahidiwa, akachukua makumbi yake akaenda ufukoni. Shimo lilikuwa limejaa. Bi Tabia alikuwa ametia yake na kuyafunika kwa mawe.

"Tabia, hilo shimo unalijua la nani."

"Nililikuta tupu, Mashavu. Na tupu ni la bahari. Si wewe uliyenifundisha, ulipokalia lako na arubaini hujatoka?"

Bi Mashavu alishitaki kwa wazee wa mji. Na wazee, kusema haki, walianza kulainika. Shimo hakuliacha kwa uvivu, wakasema, Serikali ilimfunga mikono. Bi Tabia avune mara moja, kisha arudishe. Walikuwa wamekaribia kutoa hukumu hiyo alipoletwa Machano, amebebwa na ndugu zake, na kipande cha kamba kilichokatika mkononi.

Haya yaliyofuata nilihadithiwa na Sichana. Machano alikirusha kile kipande katikati ya baraza. "Nani kasokota?" Hapakuwa na aliyeweza kujua, kwa sababu kamba za gurudumu zote zina sura moja, na walioshika gurudumu walikuwa wanne. Bi Mashavu angenyamaza, yangepita. Lakini alikiokota. Akaramba nje. Akazifumua nyuzi, akaramba ndani. Kisha akaitazama ile ncha, fundo limerudi ndani mara mbili.

"Nje bahari, ndani kisima," alisema. "Kamba ni yangu. Chumvi si yangu."

"Kamba yako, chumvi ya nani?" mzee mmoja akauliza.

"Ya aliyeiuza."

"Mlete basi aseme. La sivyo, mtu anayepaka kamba chumvi akawazamisha ndugu zake hapewi shimo katika ufuko huu."

Wakampa mpaka Ijumaa ya pili.

Alikuja Malindi na gari la shamba, yeye na Sichana, na gurudumu wamelifunga kwa kanga juu ya gari. Matar akalishusha. Safari hii alikaa.

"Bwana Msabah, sikuja kugombana. Nimekuja kufanya biashara. Gurudumu hili zima, halina kasoro. Hapa mjini kuna watu watakupa pesa nzuri. Chukua."

"Na unataka nini?"

"Maneno. Ijumaa njoo Bwejuu, ukae mbele ya wazee, useme: chumvi nilitia mimi. Basi. Sitaki kitu kingine. Shimo litarudi."

Nilimwambia anipe muda, nikaingia stoo, nikafikiri kama ninavyofikiria mzigo wowote. Maneno yale yakisemwa Bwejuu Ijumaa, Jumamosi yangekuwa Malindi. Nani angekubali tena kufunga nanga yake kwa kamba yangu? Machano angenidai mguu. Na gurudumu, hata likiuzwa vizuri, ni bei ya magunia machache tu ya usumba. Nilitoka na noti mkononi.

"Gurudumu ntalinunua," nikamwambia, "na ntakuongezea. Lakini sijui ni nani alitia chumvi."

Sichana alifungua mdomo, mama yake akamgusa goti. Yeye alinitazama, si kwa hasira, bali kama alivyomtazama Matar siku ile alipokuwa akipima, anahesabu.

"Mapipa yako uani bado yana ukungu wa chumvi," alisema. "Nimeyaona nilipopita."

"Ya samaki."

"Ya samaki." Akainuka polepole, ameshika kiti. "Sichana, mwambie huyu mrefu atupakilie. Bwana huyu bei yetu haiwezi."

Ijumaa sikwenda. Shimo likabaki la Bi Tabia.

Sasa ni miaka mitatu. Gharib amehamishiwa skuli ya mjini, na nilimsikia akisema ripoti yake ilisifiwa: wanawake wanne walifundishwa, magurudumu manne yaligaiwa. Machano ameweka genge la muhogo, anauza amekaa. Wavuvi wa Malindi nao wamejifunza. Siku hizi hawarambi nje tu, hufumua nyuzi wakaonja ndani, kwa hiyo kamba ya birika iliyonibakia niliiuza kwa wafuga mbuzi wa Amani, kwa hasara. Hiyo ndiyo niliyopoteza mimi. Duka ninalo.

Bwejuu bado nnakwenda, lakini nnanunua kwa Bi Tabia. Kamba yake ni nzuri, ina chumvi mpaka kwenye kiini, na kila ncha ina fundo lililorudi ndani mara mbili. Bi Tabia mikono yake mizito, hawezi fundo lile. Anayefukua makumbi kwenye lile shimo, anayeyaponda na kuyasokota kwa ujira ni Bi Mashavu, juu ya paja, kwa vidole vilivyobaki. Gurudumu liko kwake, kuku wanatagia. Hajaniuzia, ingawa nimeongeza bei mara mbili. Sichana amekwenda mjini, Kikwajuni, kuwafulia watu nguo, kwa sababu hapakuwa na cha kumwachia.

Ufito wetu haupo tena paani. Bi Tabia hakuutaka, anaona kupima kwa mikono ndio ada ya wazee, na mimi sikumsahihisha. Kwa hiyo Matar anapima tena. Bi Mashavu hukaa pale barazani kwa mwenzake, mguu ameunyoosha, na hamali wangu akinyoosha mikono humtazama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne hunitazama mimi. Kila pima nnapata shibiri mbili za bure, naye anajua, na kamba si yake tena kuisemea.